Mlango Mmoja, Njia Mbili: Majambazi na Waimbaji wa Dandora



Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi watu wa pwani methali hii twaitumia sana, na aghalabu tunapoitamka huwa tumekwisha kutoa hukumu: mtoto kapotea, na lawama ni ya mama. Lakini wako akina mama waliofunza usiku na mchana, na ulimwengu ukawa umeketi kizingitini ukingoja mtoto atoke tu. Makala yetu ya juma hili yahusu mtaa wenye akina mama wengi wa namna hiyo, nao ni Dandora, katika jiji la Nairobi. Mtaa huo umevuma kwa mambo mawili yasiyofanana, bunduki na ushairi. Tumeona tuyatazame yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa yana funzo kwa nyumba zetu hapa pwani.

Dandora iko mashariki mwa Nairobi, kandokando ya mto uliolipa jiji jina lake. Katika mwaka 1975 Serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilikubaliana kuanzisha huko mpango wa viwanja 6,000. Mtu wa kipato kidogo angepewa kiwanja chenye maji, choo na mfereji wa maji machafu, kisha ajijengee vyumba kadiri ya uwezo wake, na vingine avipangishe ili alipe deni. Wazo lilikuwa jema. Nyumba zilipangwa kuzunguka nyua za pamoja, watoto wacheze mbele ya macho ya wakubwa. Watu walipozidi, ghorofa zilipanda, wapangaji wakawa hawajuani, na ua uliokuwa wa wote ukawa hauna mwenyewe.

Miaka hiyo hiyo ya 1970 jiji lilianza kumwaga taka zake katika shimo la machimbo ya mawe ya zamani ubavuni mwa mtaa. Mwaka 2001 jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa, wala magari ya taka hayakusita kuja. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi kwenyewe, lilichapisha utafiti uliowapima watoto na vijana 328 wa maeneo hayo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika. Basi mtoto wa Dandora alibebeshwa risasi ndani ya mwili wake kabla hajaiona ile ya bunduki.

Na ya bunduki nayo ilikuja. Visa vya majambazi wa Nairobi vina historia ndefu, na mashuhuri zaidi ni cha John Kiriamiti. Alikuwa kijana mwenye akili aliyefukuzwa shule, akaingia mitaani kama mchopozi, akapanda daraja hadi kuiba katika mabenki, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha miaka ishirini. Akiwa gerezani aliandika kitabu cha maisha yake ya uhalifu, kilichotoka mwaka 1984, na vijana wa Kenya wakakisoma hadi kurasa zikachakaa. Wengi walishika habari za magari na pesa, wakasahau gereza. Mwaka 1989 alitoa kitabu kingine, kinachosimuliwa kwa sauti ya mwanamke aliyempenda mwizi bila ya kuijua kazi yake ya kweli. Mwaka 2004 akaandika kuhusu gereza lenyewe. Dada zetu wanaopenda kusoma wangefanya vyema kuanzia na hivyo viwili vya mwisho, kwani humo ndimo ilimoandikwa bei ya zile pesa, na sehemu kubwa ya bei hiyo hulipwa na wanawake.

Katikati ya miaka ya 1990 majina matatu yaliitisha Nairobi: Wanugu, Wacucu na Rasta. Magazeti yaliwapamba kwa vichwa vikubwa vya habari, watoto wakayacheza majina yao mitaani. Kabla ya muongo ule kwisha, wote watatu walikuwa wameuawa kwa risasi za polisi. Miaka ishirini baadaye, katika Kayole na Dandora, likavuma genge la vijana wadogo zaidi lililojiita Gaza. Hawa walipiga picha wakiwa na bastola na noti, wakazitia wenyewe katika mitandao. Hazikupita siku nyingi picha za maiti zao zikawa zasambazwa katika mitandao hiyo hiyo, na kurasa zilizotumia majina ya kubuni zikitangaza ni nani atakayefuata. Mwaka 2017 miongoni mwa maiti hizo alikuwamo msichana wa Kayole, na watu waliitazama picha yake kama watazamao mchezo.

Mwaka huo huo kituo cha kutetea haki cha Mathare, mtaa usio mbali na Dandora, kilitoa ripoti iliyohesabu visa 803 vya watu walioripotiwa kuuawa na polisi nchini Kenya baina ya mwaka 2013 na 2016. Baadhi ya waliouawa walikuwa wezi kweli, na wapo ambao hawakuwa. Ila hakuna aliyefikishwa mbele ya kadhi wala hakimu akasikilizwa. Mama zao ndio waliokwenda kuwatambua mochari, na kisha wakarudi mtaani kuishi na jina la mama wa mwizi.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Sasa tuitazame ya pili, nayo ilianzia katika mlango ule ule.

Miaka ile ile ambayo Nairobi ilikuwa ikiwaogopa akina Wanugu, vijana watatu wa Dandora, Kama, Johnny na Oteraw, walianzisha kundi wakaliita Kalamashaka. Wakati huo waimbaji wa kufoka, ambao vijana huwaita marapa, walidhani ni lazima waige Kimarekani. Hawa watatu walifoka kwa Kiswahili na kwa Sheng ya mtaani kwao, na wimbo wao Tafsiri Hii, uliotoka mwishoni mwa miaka ya 1990, ukaifanya nchi nzima isikie jinsi Dandora inavyoishi: njaa, polisi, kazi isiyopatikana, na kishawishi cha kushika bunduki. Mwaka 2001 walitoa albamu waliyoiita Ni Wakati.

Jambo lililo muhimu kwetu ni lile lililotendeka nyuma ya nyimbo. Vijana hao hawakufunga mlango baada ya kupata jina. Waliwakusanya wadogo zao katika maskani waliyoiita kambi ya Mau Mau. Humo walisoma, walijadili historia ya nchi, wakafundishana kupanga maneno. Mtoto aliyekuwa akizurura akawa na mahali pa kuketi na mkubwa wa kumuuliza habari zake.

Na hapa pwani yetu yaingia katika kisa. Mjini Mombasa kulikuwa na kundi jingine la vijana wa kufoka lililojiita Ukoo Flani. Herufi za jina hilo wenyewe walizifasiri kuwa ni wito wa upendo kila mahali, na wa kuomba funzo la Aliyetuumba ili njia iwepo. Makundi hayo mawili yaliungana, la bara na la pwani, likazaliwa jeshi moja la waimbaji, Ukoo Flani Mau Mau. Mwaka 2004 walishiriki katika albamu ya Kilio cha Haki, na mwaka 2006 ikafuata Dandora Burning. Kwa hiyo tusiseme kwamba mambo ya Dandora hayatuhusu. Watoto wetu walikuwamo.

Miongoni mwa wadogo waliolelewa na kundi hilo ni Juliani, aliyezaliwa mwaka 1984 na kukulia Dandora. Yeye si wa dini yetu. Aliufuata Ukristo wa kanisani kwake na nyimbo zake zikabadilika. Lakini alipopata riziki alirudi mtaani akaanzisha kituo cha watoto, ambamo mtoto aliyeleta taka za plastiki zilizookotwa alipata alama za kubadilisha kwa huduma. Vijana wengine wa Dandora, tangu mwaka 2014 hivi, wamezirudia zile nyua za asili zilizokosa mwenyewe. Wamezisafisha, wametia malango na maua, wakawa wakizilinda na kuzoa taka kwa ada ndogo ya wakazi. Baadhi yao ni wale wale waliokuwa wakiogopwa uani humo usiku.

Hatuandiki haya kuupigia debe muziki. Wanazuoni wana kauli zao juu yake, na kila nyumba ina mwongozo wake. Wala hatusemi kwamba kila aliyeimba aliokoka. Wako waliotumbukia katika ulevi, na wako waliokufa maskini. Tunachosema ni kwamba jambazi na mwimbaji walitoka katika chumba kimoja, wakanywa maji ya mfereji mmoja na kuvuta moshi wa jaa moja. Umaskini uliwagusa sawasawa. Waliachana pale mmoja alipopata wakubwa waliomwita aketi nao, na mwenziwe akaitwa na mwenye bastola. Kijana hutafuta ukoo. Asipoupata kwa wema huupata kwa shari, na genge nalo ni ukoo: lina baba, lina amri, na lina jina la kujivunia.

Sasa turudi kwetu. Mwisho wa mwaka 2016 Serikali ilitangaza magenge 90 nchini kuwa ni haramu. Na sisi wa pwani twajua, bila ya kuhitaji orodha ya serikali, habari za watoto wa mapanga katika Kisauni na Likoni, wengine wakiwa hawajaota ndevu. Majina yao ni ya Kiislamu. Walipita chuoni, wakasoma alifu na Juzuu Amma. Baina ya siku walipoacha chuo na siku waliposhika panga, kuna miaka mitatu au minne ambayo hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi baada ya alasiri. Baba yuko kazini au yuko Ghuba, mama yuko jikoni au sokoni, na msikiti umefungwa baina ya sala na sala.

Na mmoja wao anapouawa, wallahi, tumesikia nyumba za Waislamu zikisema alhamdulillahi, na picha ya maiti ikipita kutoka simu hadi simu. Si kwamba hatuelewi; aliyepigwa panga ana haki, na jeraha lake halifutwi kwa huruma tumfanyiayo mwingine. Mwizi na apelekwe mbele ya hakimu. Lakini anayefurahia damu isiyopita mbele ya hakimu ajue kwamba mlango huo ukifunguliwa hauchagui mtoto wa nani.

Vitabu vyetu vimehifadhi kisa cha jambazi aliye mkubwa kuliko hawa wote. Fudhayl bin Iyadh alikuwa mnyang'anyi wa njiani baina ya Abiward na Sarakhs huko Khorasani. Yasimuliwa kwamba usiku mmoja alikuwa akipanda ukuta kumwendea msichana aliyempenda, akamsikia msomaji wa Qurani akiisoma ile aya ya Suratul Hadid iulizayo kama haujawadia wakati wa nyoyo za walioamini kunyenyekea. Akajibu pale pale ukutani kwamba, ndiyo Mola wangu, umewadia. Akashuka. Akapita penye magofu ambapo wasafiri walikuwa wamelala, akawasikia wakiambizana wasitoke hadi kupambazuke kwa kumwogopa Fudhayl. Aliona haya kwamba Waislamu wanalihofu jina lake, akatubia. Alifariki Makka mwaka 187 Hijria, akiwa miongoni mwa wacha Mungu wakubwa wa umma huu.

Tuzingatie kwamba kulikuwa na mtu macho usiku ule akisoma kwa sauti ya kusikika, naye hakujua ni nani aliye ukutani. Na Fudhayl aliposhuka, umma ulimpokea, ukamwacha aketi na wanazuoni, wala haukumwita mwizi hadi kaburini.

Mama, dada, mzazi mwenzangu: Mtume wetu (SAW) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi juma hili tuanze na machache. Yajue majina ya marafiki watatu wa mwanao, na nyumba zao uzijue. Umuulize mkubwa wa mtaani anayeketi naye ni nani, na kama hakuna, mtafutie mjomba, jirani au mwalimu wa chuoni. Tuwaombe maimamu wetu waache ua wa msikiti wazi baada ya alasiri, pawepo mtu wa kukaa na vijana. Picha ya maiti ikikufikia katika simu, ifute, ina mama. Na yule aliyetoka gerezani akarudi mtaani kwenu, mwitikie salamu yake.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awarehemu waliotangulia, na awaongoze walio ukutani usiku huu. Amin.