Kwa Nini Injini ya Turbo Husita Gia Inapobadilishwa

Lori la dizeli lililosheheni mahindi huondoka Mpanda, hupita Sitalike na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha huanza kupanda kuelekea nyanda za juu za Ufipa. Mlimani dereva hukanyaga klachi, hubadili gia, na kukanyaga mafuta tena. Injini, badala ya kuitika mara moja, husita. Moshi mweusi huchomoza katika ekzosi. Ndipo nguvu hurudi ghafla kana kwamba lori limesukumwa kwa nyuma. Abiria mgeni hudhani kuwa injini imeharibika. Je, ni kweli?

Kazi ya turbo

Mafuta hayaungui bila oksijeni. Mji wa Mpanda uko yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Sumbawanga yapata mita 1,800. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo hewa iwavyo nyepesi: kanieneo yake huko Mpanda ni pungufu kwa kama asilimia 12 ikilinganishwa na ya pwani, na Sumbawanga kwa kama asilimia 20. Injini ivutayo hewa yenyewe hupungukiwa na nguvu.

Dawa ya upungufu huo ni chombo ambacho Mswisi Alfred Büchi alikipatia hataza mwaka 1905. Kina magurudumu mawili ya mapanga yaliyounganishwa kwa mhimili mmoja. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu la kwanza; la pili huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Katika magari, mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Klachi inapokanyagwa

Dereva anapoinua mguu ili abadili gia, mafuta hupungua, moshi hupungua, na mapanga ya turbo hupoteza kasi. Anapokanyaga tena, dizeli hufika mara moja lakini hewa huchelewa, kwa sababu kila kitu kina inesha, yaani tabia ya kupinga badiliko la mwendo wake. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote, na masizi yake ndiyo moshi mweusi. Baada ya muda mfupi mapanga hushika kasi, na nguvu hurejea. Katika injini za kisasa kompyuta huzuia mafuta hadi hewa ifike; moshi hupungua, ingawa kusita hakuishi kabisa.

Maumbile au ugonjwa?

Kusita kwa muda mfupi, basi, ni maumbile ya chombo. Lakini moshi mweusi ukidumu, nguvu isiporudi, au mluzi mgeni ukisikika, kuna kasoro. Fundi mwenye busara haanzi kwa kuing'oa turbo. Hutazama kwanza chujio la hewa, ambalo vumbi la kiangazi huliziba, na mipira ipitishayo hewa, ambayo hupasuka au kulegea kwenye vibano vyake. Moshi wa buluu huonyesha kuwa oili inaungua.

Dereva naye ana wajibu. Amalizapo mlima na kusimama, asizime injini papo hapo. Oili ndiyo inayolainisha na kupoza mhimili wa turbo, nayo huacha kuzunguka injini inapozimwa. Dakika moja au mbili za kuiacha ingurume polepole huokoa chombo ambacho bei yake ni mara nyingi ya bei ya chujio.