Mtandao wa kompyuta shuleni: wazazi, ulizeni mpango kabla ya kutoa makuta

Katika miji yetu ya mashariki mwa Kongo, kutoka Uvira na Bukavu hadi Butembo na Bunia, shule nyingi za sekondari zinatafuta kuwa na chumba cha kompyuta. Sababu inaeleweka. Programu mpya ya masomo ya sayansi iliyoanza mwaka wa 2018 iliingiza teknolojia za habari na mawasiliano, yaani TIC, katika darasa la 7 na la 8 la elimu ya msingi. Mwalimu anatakiwa kulifundisha somo hilo hata kama shule haina mashine moja. Wengi wanachora kibodi ubaoni kwa chaki, na watoto wanainakili katika daftari.

Ndipo komite ya wazazi inakutana, kila familia inatoa mchango, na mashine zinanunuliwa. Fundi anakuja siku mbili, anapitisha waya kwenye dirisha, anafunga kisanduku cha Wi-Fi ukutani, picha zinapigwa. Kiisha mvua za kwanza zinanyesha, umeme unapanda na kushuka, na baada ya miezi michache mashine zimefunikwa kitambaa. Watu husema mashine zilikuwa mbovu. Mara nyingi ubovu haukuwa katika mashine: hakuna aliyepanga mtandao kufuatana na jengo lenyewe.

Kupanga huko si siri ya mainjinia. Mzazi au prefe anayejua maswali ya kuuliza anaweza kuokoa makuta ya shule nzima.

Anza na mita

Jambo la kwanza ni kuchora jengo kwenye karatasi, na vipimo vyake. Tuseme shule ina jengo la ghorofa moja, urefu wa mita 60, madarasa sita chini na sita juu. Ofisi ya prefe iko katika jengo lingine, ng'ambo ya uwanja, umbali wa mita 120.

Waya wa kawaida wa mtandao, ule wa shaba wenye nyuzi nane ndani, una mpaka wake: mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Ukizidi hapo, mawasiliano yanakatika-katika au yanakufa. Kwa hiyo kabati ya vifaa haiwekwi mahali ambapo kuna nafasi tu, kwa mfano chumba cha mwisho karibu na stoo. Inawekwa katikati ya jengo. Ikikaa katikati, waya mrefu kuliko zote hautapita mita 45 hivi, hata ukihesabu kupanda na kushuka ukutani. Ikikaa pembeni, waya ule ule unaenda mita 75 au zaidi, na shule inanunua roli nyingi za waya bila faida yoyote.

Kiisha hesabu matundu. Katika mfano wetu: kompyuta 20 za wanafunzi, moja ya mwalimu, tatu za maktaba, visambaza Wi-Fi vinne, seva moja, na ruta inayoleta intaneti. Jumla ni 30. Swichi moja ya matundu 24 haitoshi. Swichi mbili za namna hiyo zinatosha, na baada ya kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe yanabaki matundu 16 kwa ajili ya kesho. Fundi asiyefanya hesabu hii mwanzoni atarudi kuomba makuta mengine mwaka unaofuata.

Tahadhari nyingine ni sokoni. Kuna waya zinazouzwa kwa bei ya chini ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja: ukiona rangi nyeupe ya fedha chini ya ile nyekundu, uache. Uzi huo unakatika upesi, na ukiwa mrefu unapoteza nguvu njiani. Pia waya wa mtandao usifungwe pamoja na waya wa umeme. Uache nafasi ya sentimeta 20 au 30 kati yao, na upite ndani ya bomba la plastiki ili panya wasiutafune.

Radi: adui anayesahaulika

Mtu anayepanga mtandao katika Kivu hawezi kunakili mpango wa Ulaya. Mwaka wa 2016 wanasayansi walitoa orodha ya mahali panapopigwa na radi zaidi duniani, kufuatana na vipimo vya satelaiti vya miaka 1998 hadi 2013. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa eneo la Kabare, hapa kwetu Kivu Kusini: mimweko 205 hivi kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. La tatu lilikuwa Kampene, katika jimbo la Maniema.

Sasa rudi kwenye ofisi ya prefe, mita 120 ng'ambo ya uwanja. Fundi wa haraka atatundika waya wa shaba kutoka paa hadi paa. Waya huo ni antena ya radi. Radi ikipiga karibu tu, si lazima juu ya paa, nguvu yake inaingia ndani ya waya na kuunguza swichi, kisha mashine zilizofungwa kwenye swichi hiyo. Mita 120 zenyewe zimeshapita mpaka wa shaba. Jibu la matatizo yote mawili ni moja: kati ya majengo tumia fibra optiki, waya unaobeba mwanga. Mwanga haupitishi umeme wa radi, na mita mia chache kwake si kitu. Chagua fibra isiyo na uzi wa chuma ndani, na ofisini weka swichi ndogo ya matundu manane.

Halafu kuna waya wa ardhi, unaopeleka umeme wa hatari chini ya udongo. Katika udongo mzito wa Bukavu au Butembo, nondo ya shaba inaingia vizuri. Katika Goma kazi ni ngumu, kwa sababu sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya volkano, na mawe makavu hayapitishi umeme vizuri. Hapo nondo moja haitoshi. Inafaa kufunga kadhaa pamoja, au kulaza waya mrefu wa shaba ndani ya mtaro uliojazwa udongo laini. Shule isipofanya hivyo, hata vifaa vya kukinga radi havina pa kuitupa.

Umeme: piga hesabu kabla ya kuchagua mashine

Delestaji tunaijua wote. Swali si kama umeme utakatika, ni mtandao utaishi vipi ukikatika.

Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inakula wati 120 hivi. Ndogo ya kubeba inakula 45 hivi. Mashine 20 za mezani kwa saa nne kwa siku zinahitaji kilowati-saa 9.6. Mashine 20 za kubeba, kwa saa zile zile, zinahitaji 3.6. Swichi, visambaza Wi-Fi, ruta na seva ndogo, vyote pamoja, havipiti wati 100 kwa kawaida. Kwa saa nane za shule hiyo ni kilowati-saa 0.8.

Tukihesabu saa nne za jua kali kwa siku, na theluthi moja hivi ya nguvu inayopotea katika batri na konvertisa, mashine za kubeba pamoja na mtandao zinahitaji pano nne za wati 400. Za mezani zinahitaji karibu pano kumi. Hivyo mashine ya mezani inayoonekana rahisi dukani inaweza kuwa ghali kuliko nyingine mara tu unapofikiri pano na batri.

Shauri lingine: mtandao uwe na batri yake, mbali na ile ya mashine. Batri moja ya risasi ya volti 12 na Ah 200 inabeba kilowati-saa 2.4, na hata ukitumia nusu tu ili isife mapema, inatosha siku nzima ya shule. Mashine zikizimika, seva na Wi-Fi zinabaki, na mwalimu anaendelea kwa simu au kwa mashine yenye batri ndani.

Intaneti inakuja mwisho

Wazazi wengi wanafikiri mtandao ni intaneti. Si kweli. Mtandao wa shule ni barabara za ndani ya kijiji. Intaneti ni barabara kuu inayotoka nje, na hiyo inalipiwa kila mwezi. Mwezi makuta yakikosekana, barabara za ndani zinapaswa kubaki.

Ndiyo maana seva ni muhimu. Kompyuta ndogo isiyozidi wati 15 inaweza kubeba Wikipedia ya Kifaransa kwa njia ya programu ya Kiwix, ambayo nafasi yake haipiti GB 64, na masomo ya hesabu na sayansi kwa njia ya Kolibri. Zote mbili ni za bure na zinafanya kazi bila intaneti. Linganisha: mashine 21 zikigawana intaneti ya megabiti 10, kila moja inapata karibu nusu megabiti, haitoshi kwa video. Kutoka kwenye seva ya ndani, video ile ile inafunguka bila kulipa kitu.

Kuhusu intaneti yenyewe, njia zimeongezeka. Starlink, iliyokatazwa na mamlaka ya ARPTC mwezi wa tatu 2024, ilipata ruhusa mwezi wa tano 2025. Ni habari njema kwa shule zilizo mbali na miji, lakini antena haiponyi waya mbaya wala umeme usiopangwa.

Pointi za watoto zisichanganywe na mchezo

Mtandao mmoja unaweza kugawanywa mara mbili ndani ya swichi: upande wa wanafunzi na upande wa ofisi, bila mmoja kuona mwingine. Pointi za mitihani, majina ya wazazi na malipo vikae upande wa ofisi. Tangu mwezi wa tatu 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali inayolinda habari za kibinafsi, na shule haiko nje ya sheria hiyo. Wi-Fi yenye neno la siri moja linalojulikana na shule nzima ni sawa na kuacha dafutari la pointi barazani.

Tunaishi pia mahali ambapo shule inaweza kufungwa ghafla kwa sababu ya vita, au madarasa yakapokea waliokimbia. Kwa hiyo seva iwe ndogo, ya kubebwa ndani ya mfuko, na nakala ya pointi ikae mahali pengine.

Maswali matano kwa komite

Kabla ya kumlipa fundi, komite ya wazazi iombe majibu haya kwa maandishi: mchoro wa jengo na urefu wa kila waya uko wapi? Kati ya majengo kunapita nini, shaba au fibra? Waya wa ardhi unaingia wapi? Umeme unahesabiwa kwa saa ngapi kwa siku? Na nani wa shule atafundishwa kurekebisha fundi akiondoka?

Fundi mwenye mpango atajibu kwa siku moja. Asiyejibu, makuta ya wazazi yabaki kwanza mfukoni mwao.