Mto Kibagare: Maji machafu ya Loresho huishia wapi?

Ukiteremka bondeni kati ya Loresho na Kangemi, pua itakuambia umekaribia mto kabla macho hayajauona. Huo ni Mto Kibagare. Ni mwembamba, mahali pengine unauruka bila kukimbia, na wapita njia wengi huudhani ni mtaro tu.

Lakini mtaro hauna chemchemi. Magharibi mwa Nairobi ni miinuko inayoshuka kuelekea mashariki, na karibu kila bonde lina kijito chake. Kibagare hulisha Mto Nairobi, ule unaoanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, na ambao Wamaasai waliuita maji baridi. Mto Nairobi nao huingia Athi, Athi ikageuka Galana, kisha Sabaki, hadi Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Kwa hivyo ile chupa ya soda uliyoitupa jana ina safari ndefu kuliko yako.

Nani anauchafua? Jibu la haraka huwa ni mabanda, kwa sababu vyoo visivyo na bomba la majitaka huonekana wazi. Sawa, ila tusidanganyane. Tangi la choo likifurika nyuma ya ukuta mrefu, linaelekea bonde lilo hilo. Maji ya sabuni ya kuoshea magari pia. Mbolea ya mashamba ya sukuma wiki nayo hulisha mwani, na mwani ukifa na kuoza hunyonya hewa ya oksijeni iliyo majini.

Afya ya mto unaweza kuipima mwenyewe. Vaa gambuti na glavu, usiingie ukiwa na kidonda, kisha pindua jiwe. Ukiona kaa, au vijidudu vyenye mikia mitatu vinavyong'ang'ania jiwe, hapo kuna uhai. Ukikuta vijifunza vyekundu kama damu peke yake, mto unakosa pumzi. Hivyo huvumilia pale wenzao wameshakufa. Rudia zoezi hilo juu ya mtaa na chini yake, ulinganishe.

Kuanzia 2008, John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira, alisimamia usafishaji wa Mto Nairobi karibu na katikati ya jiji. Bustani iliyo ukingoni pale leo ina jina lake. Kazi nzuri, hakuna ubishi. Shida ni kwamba maji ya mjini hutoka huku kwetu juu, na kusafisha mto mkubwa huku vijito vikisahaulika ni kudeki nyumba bomba likiwa wazi.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, serikali iliwaamuru wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame. Tingatinga zilifika upesi kwenye mabati. Kwa wenye kuta za mawe, mimi bado nahesabu mita.