Mabati ya Shukrani Yanavyotoweka Mexico

Katika kanisa la Plateros, karibu na mji wa Fresnillo jimboni Zacatecas, mahujaji humpelekea Mtoto Yesu wa Atocha jozi za viatu vidogo, kwa kuwa inaaminika kwamba usiku hutoka kuwatembelea wenye shida na kurudi soli zimelika. Pamoja na viatu, hapo hutundikwa shukrani za watu waliotimiza nadhiri. Anayezitazama kwa kufuata miaka ataona mabadiliko yasiyofichika. Za zamani zimechorwa kwa rangi za mafuta juu ya bati. Za karibuni ni picha za pasipoti, vyeti vya shule, nakala za karatasi za hospitali, picha za eksirei na misuko ya nywele iliyokatwa. Nadhiri zinaendelea kuwekwa na kutimizwa. Kinachokwisha ni mchoro, na pamoja nao mtu aliyekuwa akiuchora.

Desturi hii haikuanza na maskini. Wakati wa utawala wa Wahispania, aliyeweza kumlipa mchoraji amchoree muujiza wake kwenye turubai alikuwa tajiri. Karne ya 19 ilipoleta bati jembamba la viwandani kwa bei nafuu, mlango ukafunguka. Mkulima, mchimba madini, mfua nguo na mwendesha nyumbu wa Jalisco, Guanajuato, Zacatecas na San Luis Potosí wakaanza kuagiza picha zao, nyingi zikiwa na ukubwa wa daftari la shule. Waliziita retablo.

Mpangilio wake ulikuwa karibu uleule kila mahali. Chumba kitupu, kitanda kimoja, mgonjwa amefunikwa blanketi hadi kidevuni. Mkewe amepiga magoti sakafuni na mshumaa mkononi. Juu pembeni, katikati ya wingu, yuko Bikira wa San Juan de los Lagos katika gauni lake pana lililochanua chini. Chini ya picha kuna mistari michache ya maandishi: jina, kijiji, tarehe, ugonjwa, siku ambayo watu wa nyumbani walikata tamaa, jina la Bikira lililotajwa wakati huo, na shukrani. Tahajia ni ya mtu anayeandika kama anavyosikia. Mara nyingine mtu yuleyule anaonekana mara mbili kwenye bati moja, amelala hoi upande huu na amepiga magoti akiwa mzima upande wa pili.

Ili kuchora hivyo, mchoraji alilazimika kusikiliza. Alihitaji kujua fahali alikuwa wa rangi gani, alitokea wapi, mtu alianguka upande upi na nani alikuwepo. Wengi wa wachoraji hao hawakuweka majina yao, na ni wachache tunaowafahamu leo. Mmoja ni Hermenegildo Bustos, aliyezaliwa 1832 na kufa 1907 katika mji wa Purísima del Rincón, Guanajuato. Aliishi kwa kazi nyingi ndogondogo, ikiwemo kuuza barafu tamu, na alichora majirani zake kwa jicho lisilobembeleza mtu. Mwaka 1891 alijichora mwenyewe na kuandika nyuma ya picha kwamba alifanya hivyo kuona kama angeweza. Leo anahesabiwa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa Mexico wa karne yake, lakini kwa watu wa mji wake alikuwa jirani wa kumwendea ukiwa na jambo la kushukuru.

Ni rahisi kusema maisha ya kisasa ndiyo yaliyoua kazi hii. Mabati yenyewe yanapinga. Yanaonyesha treni zilizopinduka, malori, vyumba vya upasuaji, na watu wakivuka mto Bravo kwenda Marekani. Kati ya 1942 na 1964, mpango wa serikali mbili uliowapeleka Wamexico kwenye mashamba ya Marekani kama vibarua uliongeza hatari mpya, na hatari hizo nazo zikachorwa. Watafiti Jorge Durand na Douglas Massey walikusanya picha za wahamiaji kama hao katika kitabu walichokichapisha 1995. Mtu alishukuru kwa kutopotea jangwani, kwa kupata hati, kwa kurudi hai. Sanaa iliyoweza kubeba hayo yote haikuwa imechoka.

Picha ya kamera ndiyo iliyoitikisa. Ilikuwa rahisi, ya haraka, na haikuhitaji kumsimulia mtu yeyote. Ila kamera humwonyesha aliyepona, haionyeshi saa aliyokuwa akifa. Haiwezi kumweka mtakatifu ndani ya chumba. Karatasi ya hospitali inathibitisha ugonjwa, haisemi mgonjwa alimwita nani usiku ule. Kwa maoni yangu hasara kubwa iko hapa: hofu ya mtu, ambayo zamani ilipata sura ukutani ikasomwa na wengine, sasa inabaki kifuani mwake.

Pigo la pili lilitoka kwa waliozipenda picha hizi. Baada ya Mapinduzi ya Mexico, mchoraji Dr. Atl aliandika juu ya sanaa za wananchi mwaka 1921, naye mchoraji Diego Rivera akazisifu picha hizi na kuzikusanya. Mchoraji Frida Kahlo alikuwa nazo mamia katika nyumba yake, iliyoitwa Nyumba ya Buluu. Alipopata bati la mtu mwingine lililofanana na ajali yake ya basi na tramu ya Septemba 17, 1925, alilirekebisha likawa lake, hadi nyusi zake zilizoungana akazitia. Heshima hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini sifa ilizaa bei, na bei ikazaa wizi. Kuta za makanisa zilianza kupungua, nyingine kwa mikono ya wezi, nyingine kwa walinzi waliohitaji nafasi. Mwaka 2021 Italia iliirudishia Mexico picha 594 zilizokuwa zimetolewa nchini isivyo halali. Sheria ya Mexico ya 1972 inalinda vitu vya makanisa ya karne ya 16 hadi 19. Bati la mhamiaji la 1950 halipati ulinzi huo moja kwa moja.

Wapo wanaochora bado. Alfredo Vilchis wa Mexico City amefanya hivyo kwa miongo kadhaa, na watu humletea mikasa yao halisi. Kando yao kuna mabati mapya yanayochorwa kwa ajili ya watalii, yenye miujiza ya kubuni kuhusu walevi na wapenzi waliofumaniwa. Sina ugomvi na anayetafuta riziki, na baadhi yamechorwa vizuri. Lakini bati ambalo nyuma yake hakuna aliyeahidi chochote ni pambo, na likizidi kuonekana sokoni ndilo kijana atakalodhani ndiyo desturi yenyewe.

Mapadri na wanaotunza vituo vya hija wanaweza kufanya jambo moja sasa hivi: kupiga picha kila bati lililobaki, pamoja na maandishi yake, na kuandika lilitundikwa kanisa gani. Nawe msomaji, ukikutana na bati la zamani likiuzwa, iwe kwenye soko la La Lagunilla jijini Mexico City au kwenye mnada wa mtandaoni, uliza limetoka kanisa lipi na limetokaje. Muuzaji akishindwa kujibu, usilinunue.