Ufa Usioonekana: Kifundo cha Mkono cha Mnyanyua Vizito

Mnyanyua vizito huyajali sana mapaja, mgongo na mabega yake, kwani humo ndimo zitokamo nguvu zake. Ni mara chache hukikumbuka kifundo cha mkono, kiungo chembamba ambacho uzito wote hauna budi kupitia kabla ya kuufikia mwili. Hukikumbuka siku kinapouma. Hata siku hiyo, maumivu hupewa jina jepesi, "nimeteguka tu". Kifundo hufungwa kitambaa, huchuliwa kwa mafuta, na mazoezi huendelea. Miezi sita ikapita, na maumivu yangalipo. Sababu yake ni nini?

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, iliyopangwa katika safu mbili na kushikamanishwa na kano. Mmoja wa mifupa hiyo, uitwao skafoidi, upo upande wa dole gumba, nao huziunganisha safu zote mbili kama daraja. Kwa kuwa hupokea nguvu kutoka pande zote mbili, ndio uvunjikao mara nyingi zaidi miongoni mwa hiyo minane, hasa kiganja kinapopindwa kwa nguvu kuelekea nyuma.

Mwanafunzi wa fizikia na aikumbuke kanuni ya wenzo. Chuma chenye uzani wa kilo 60 kikiinuliwa juu ya kichwa, kila mkono hubeba kilo 30, yaani nguvu ya nyutoni 300 hivi. Chuma kikiwa juu ya mstari wa mifupa ya kigasha, mifupa hiyo huubeba mzigo kama nguzo ibebavyo paa. Lakini kiganja kikilala nyuma, chuma kikawa sentimita 6 nje ya mstari huo, hutokea momenti ya nyutoni-mita 18 inayozidi kukipinda kifundo. Umbali ukipunguzwa hadi sentimita 2, momenti hushuka hadi 6. Mzigo ni ule ule; kilichobadilika ni namna ya kuushika.

Skafoidi ina udhaifu mwingine, nao unahusu damu. Sehemu kubwa ya damu yake huingilia upande wa vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea upande wa kigasha. Mfupa ukipasuka katikati, kipande cha nyuma huweza kukatiwa chakula chake, mithili ya shamba lililo mwisho wa mfereji uliozibwa. Kipande hicho huunga kwa taabu, na pengine hufa. Vipande visivyounga huendelea kusuguana, gegedu hulika, na baada ya miaka kiungo huwa kigumu chenye maumivu ya kudumu. Hapa methali ya wahenga huwa kweli neno kwa neno: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tangu Wilhelm Conrad Röntgen alipovumbua miali ya eksirei mwaka 1895 na kupiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ya mkono imeweza kuonekana bila kisu. Hata hivyo, ufa wa skafoidi huweza kujificha katika picha ya siku za kwanza. Ndiyo maana mgonjwa mwenye maumivu katika kile kishimo kionekanacho kwenye shina la dole gumba linaponyoshwa, hufungwa plasta kwa tahadhari na kupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14, au hupelekwa kwenye kipimo chenye uwezo zaidi. Kuuchua mkono wa namna hiyo ni kuvisogeza vipande vinavyotafuta kuungana.

Ufa wa katikati huhitaji takriban majuma 8 hadi 12 ya kutulizwa. Ulio karibu na kigasha huhitaji muda mrefu zaidi. Vipande vilivyoachana hushikwa kwa skurubu. Timothy Herbert wa Australia alieleza mwaka 1984 skurubu isiyo na kichwa, yenye hesi za nafasi tofauti katika ncha zake mbili. Kila izungukapo, huvivuta vipande pamoja.

Plasta ikiondolewa, kazi haijaisha. Daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Mfupa uliopumzishwa hupungua uimara, na misuli hunyauka. Kwa hiyo mnyanyua vizito huanza na kukunja na kukunjua kifundo, kisha kukamua mpira, kisha fimbo tupu, na hatimaye chuma kitupu cha kilo 15 au 20, akiongeza kidogo kidogo. Maumivu yakizidi usiku au kesho yake, hurudi hatua moja nyuma. Wakati wote huo miguu na kiwiliwili huweza kuendelea na mazoezi yasiyohitaji mkono huo.

Jambo gumu kwa kijana si kubeba mzigo, bali kuuacha. Maumivu yakipungua hudhani amepona. Lakini kupungua kwa maumivu si ushahidi kwamba mfupa umeunga. Ushahidi huo hutolewa na uchunguzi wa daktari. Mwalimu wa michezo amwonapo mwanafunzi akikishika kifundo chake kila baada ya zoezi, asimsifu kwa uvumilivu wake. Na ampeleke hospitali.