Kichujio Hakijui Kunyambua

Tengeneza kichujio katika Gmail, ukiagize kila barua pepe yenye neno "malipo" iende kwenye lebo ya Uhasibu. Kesho fundi anaandika: "Bosi, mpaka leo hatujalipwa." Barua yake haitagusa lebo hiyo. Kichujio hulinganisha neno zima kwa neno zima, nacho hakijui kwamba malipo na hatujalipwa ni watoto wa mzizi mmoja. Kiswahili hupakia nafsi, wakati na ukanushi ndani ya kitenzi kimoja: tumelipa, hamtulipi, nitawalipa, tulipwe. Ukitaka kuyaorodhesha yote utakesha, na bado atatokea wa kuandika "naomba changu".

Kuchuja kwa anwani ya mtumaji ni salama zaidi, kwa kuwa anwani hainyambuliki. Lakini anwani moja hubeba mengi. Benki inayokuletea taarifa ya kila mwezi, ambayo huisomi, yaweza kutumia anwani ileile kukuarifu kwamba kadi yako inafungwa.

Kuna vichujio vinavyojifunza. Gmail ilileta kikasha cha kipaumbele mwaka 2010, kisha vichupo vya matangazo na mitandao ya kijamii mwaka 2013. Kikasha cha kipaumbele hukisia kwa kutazama unafungua barua za nani na unamjibu nani. Mgeni hana historia nawe, na mara nyingi mgeni ndiye mwenye habari kubwa: mwajiri mpya, mteja wa kwanza, ofisi ya udhamini wa masomo. Akiangukia kwenye barua taka, Gmail humfuta baada ya siku 30.

Mwaka 2011 Steve Whittaker na wenzake wa IBM walichapisha utafiti juu ya watumiaji 345 waliotafuta barua zao za zamani zaidi ya mara 85,000. Waliopanga barua kwenye mafolda hawakufanikiwa zaidi kuliko waliotumia kisanduku cha kutafutia, na walichelewa zaidi. Basi lebo zile nyingi tunamwekea nani? Nimeona kikasha kikiwa cheupe, na pembeni lebo ya "Nitajibu" ina barua 400 zisizosomwa. Deni limehamishiwa chumba cha nyuma tu.

Mimi nimebaki na vichujio vitatu, vyote vya anwani, vyote vya majarida. Za watu huziacha zije zenyewe kikashani. Na kila Ijumaa, kabla ya chai, hupekua taka.