Bunge na Riigi: Mgawanyiko wa Mau Mau katika Msitu wa Nyandarua

Katika tamthilia ya Mzalendo Kimathi (1978), tafsiri ya mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, Dedan Kimathi anasimama kizimbani mjini Nyeri akikana mamlaka ya mahakama ya kikoloni. Msimamo huo una mfano wa kale. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, aliyeingia vitani na Bunge lake mwaka 1642, alikataa kujibu mashtaka Januari 1649, akidai kwamba hapana mahakama yenye haki ya kumhukumu mfalme. Alikatwa kichwa tarehe 30 mwezi huo. Hata hivyo Kimathi hakuwa mfalme. Alikuwa mtu wa Bunge.

Bunge la Kenya liliundwa msituni Nyandarua Februari 1954. Kimathi alikuwa kiongozi wake, na Karari Njama, aliyewahi kuwa mwalimu, akawa mwandishi wake mkuu. Liliitwa la Kenya nzima, ingawa upande wa Mlima Kenya, ambako Waruhiu Itote (Jenerali China) alikuwa amekamatwa mwezi mmoja kabla, sauti yake ilisikika kwa mbali tu. Liliendeshwa kwa kalamu: kumbukumbu za vikao, barua, orodha za vyeo. Kejeli iliyopo haifichiki. Walioasi himaya ya Kiingereza waliazima jina la chombo kilichowahi kumshinda mfalme wa Kiingereza, na papo hapo Kimathi akajiita "Sir", heshima itokayo kwa mfalme yuyo huyo.

Kalamu hiyo ndiyo iliyozua mfarakano. Stanley Mathenge, mzaliwa wa Nyeri kama Kimathi, hakuwa na elimu ya shule kama ya mwenzake, lakini wapiganaji wengi walimstahi. Wafuasi wake walilalamika kwamba Bunge limetekwa na wasomi wanaowadharau wasiosoma. Mwaka 1955 wakaanzisha chombo chao, Kenya Riigi. Neno riigi katika Kikuyu ni mlango wa nyumba. Jina moja limetoka katika utawala wa wageni, la pili limetoka nyumbani. Hoja yote ya wapinzani imo humo.

Uhasama ulipamba moto serikali ya kikoloni ilipotangaza masharti ya kujisalimisha Januari 1955. Upande wa Mathenge ulifanya mazungumzo na serikali. Kimathi aliyaona kuwa usaliti, akaamuru wahusika wakamatwe; wakatoroka. Kuwaita wasaliti ni kuifuata hukumu ya mpinzani wao bila kuipima. Suala lililobishaniwa lilikuwa zito: nani ana haki ya kusema kwa niaba ya wapiganaji, aliyechaguliwa kikaoni au anayefuatwa vitani?

Mathenge alitoweka mwaka huo huo. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kumbukumbu za kesi halisi, zilizochapishwa mwaka 2017, zinaonyesha kwamba alikana shtaka na kutoa ushahidi wa kujitetea. Kimathi wa jukwaani, kwa hiyo, anamkaribia Charles kuliko Kimathi wa Nyeri.

Maelezo mengi kuhusu mfarakano huo yametoka katika kitabu alichokiandika Njama pamoja na Donald Barnett mwaka 1966, na katika karatasi za Kimathi zilizonaswa na Waingereza. Vyote viwili ni kalamu ya Bunge. Watu wa Riigi, ambao malalamiko yao yalihusu kalamu hiyo hiyo, hawakuacha hazina ya maandishi inayolingana nayo.